Kadi ya Paa Moja

Zamani, lakini si zamani sana, maana waziri wake bado yu hai na anakula vizuri, palikuwa na nchi ambayo jina lake limehifadhiwa na wizara. Nchi hiyo iliwapenda vijana wake. Iliwapenda kiasi kwamba haikutaka waondoke nyumbani kwao.

Mapenzi hayo yaliandikwa katika Sheria ya Paa Moja. Kabla ya sheria hiyo, bima ya afya ilikuwa ikiwachosha watumishi wa umma: kila mtu na kadi yake, kila kadi na picha yake, na wagonjwa nao wengi, kila mmoja na ugonjwa wake. Waziri wa Afya, Kaya na Mambo ya Chini ya Paa akaamua kuyakomesha mateso hayo. Alisimama bungeni akasema, "Waheshimiwa, familia ni paa. Paa likivuja, wote mmelowa. Paa likiwa zima, wote mmepona. Kwa hiyo, kuanzia leo, asiye na paa hana ugonjwa." Wabunge walipiga meza dakika kumi nzima. Mmoja akateguka mkono, akapelekwa kutibiwa nje ya nchi.

Sheria yenyewe ilikuwa nyepesi, kurasa mia nne na kumi tu. Wazazi wote wenye nyumba walipewa Kadi ya Paa. Kadi hiyo iliwatibu wao pamoja na watoto wao mpaka watimize miaka thelathini na mitano, mradi mtoto awe hajaoa wala hajaolewa, hajazaa, na analala chini ya paa la wazazi. Mtoto wa namna hiyo aliitwa Mtegemezi Halali. Aliyehama, au aliyeoa, au aliyezaa, alihesabiwa kuwa Kaya Changa, na Kaya Changa ilipaswa kungoja miezi arobaini kabla ya kupata kadi yake. Katika miezi hiyo haikukatazwa kuugua. Ilishauriwa tu iugue mafua.

Nchi ikatulia. Vyumba vya kupanga vikafugiwa kuku. Nyumba za wazazi zikaota vyumba ubavuni na mgongoni. Asubuhi uliwaona wanaume wenye ndevu wakiwa na ndoo mkononi, wamepanga foleni ya bafu nyuma ya baba zao, na kila mmoja akijifanya anaangalia mawingu. Harusi hazikukoma, maana ujana ni ujana, lakini zilifungwa bila ngoma wala vigelegele. Wageni waliambiwa wanakuja kwenye arobaini ya marehemu, ili wakionekana wamevaa vizuri na nyuso zimewashuka mtu asiulize. Wizara ikatangaza kwamba maadili ya vijana yameimarika, kwani tangu sheria ipite hakuna aliyeoa.

*

Shomari wa Mzee Ndembo alikuwa fundi wa majokofu, umri wake miaka ishirini na tisa. Jokofu lililokatiwa tamaa, yeye akiligusa lilianza kunguruma. Mtaani watu walimwita fundi, na wengine walimwamkia. Lakini akivuka kizingiti cha kwao alikuwa Mtegemezi Halali. Alilala kwenye kitanda alichonunuliwa alipokuwa darasa la tano, miguu ikining'inia nje, kwa sababu kitanda hicho ndicho kilichosajiliwa. Mkaguzi akija alitaka akione, azione ndala zake mlangoni, na auone mswaki wake ndani ya kikombe kimoja na miswaki ya wazazi wake.

Shomari alimwoa Hidaya, mwalimu wa chekechea, Jumanne moja saa nne asubuhi, mbele ya shehe aliyekuwa na haraka. Hidaya hakuwa na paa la kurudi. Wazazi wake walikwisha kutangulia mbele ya haki, na katika kurasa zote mia nne na kumi hapakuwa na kifungu cha yatima. Likabaki swali: aingie kwa Mzee Ndembo kama nani?

Bi Tausi, mama yake Shomari, alikuwa mwanamke mwepesi wa shauri. "Aingie kama dada wa kazi," alisema. "Mbona kwa Mama Sikudhani wameingiza wawili. Mtumishi wa ndani anaruhusiwa kwenye kadi. Hapewi matibabu makubwa, lakini panadol na bandeji anapata."

Hidaya akaingia, na hina yake mikononi haijafutika. Hakuwa peke yake. Mtaa ule ulikuwa umejaa wadada wa kazi wenye hina mbichi. Wizara ilipohesabu, ikagundua kwamba ajira za majumbani zimepanda mara tano, ikajipongeza kwa hilo pia.

Ukaguzi wa kwanza ulifanyika mwezi uleule. Alikuja kijana mmoja aliyejifunga tai kwenye joto la saa saba, Bwana Fidelis Kang'ombe, Mkaguzi Msaidizi Mwandamizi wa Mapaa, Daraja la Pili. Alipima kitanda. Alihesabu miswaki. Hidaya alipomletea maji ya kunywa, akamtazama mikono, kisha akamgeukia Shomari.

"Na huyu?"

"Dada wa kazi," Shomari akajibu.

"Jina lake?"

Hapo Shomari angeweza kulitaja jina tu, mambo yakaisha. Lakini hofu ikimwingia mtu humfanya azidishe. Aliona kwamba mtoto wa nyumba anayelijua mno jina la mtumishi huenda akatiliwa shaka. Akasema, "Silijui vizuri. Mama ndiye anayelijua."

Kang'ombe aliridhika kabisa. Ndivyo wadada wa kazi wanavyojulikana. Aligonga muhuri, akanywa maji, akaaga.

Hidaya alikuwa akikung'uta mkeka uani Shomari alipomfuata kumwomba radhi. Akamweleza kwamba ilibidi.

"Haikubidi," Hidaya akasema, mkono haujasimama. "Uliposema dada wa kazi alikuwa ameshaamini. Hilo la jina umeliongeza mwenyewe."

Shomari akainama. Akaokota kijiti kilichoanguka kwenye mkeka, akakitupa, akaenda zake kazini.

*

Mimba haina adabu mbele ya sheria. Mwaka haujaisha, Hidaya akawa mjamzito.

Bi Tausi, aliyekuwa na miaka hamsini na tisa, hakupoteza muda. Alichukua mto mdogo wa kochi, akaufunga tumboni kwa kanga, akaenda kliniki. Muuguzi wa pale, Sista Verdiana, alimpima mapigo ya moyo, akamwandikia vidonge vya damu, akaukagua mto kwa macho ya mtu aliyekwisha kuona mito mingi. "Mama, uko chini mno," akamwambia kwa upole. "Mwezi wa saba unatakiwa upande kidogo. Na kanga ikaze, juzi mwenzako alijifungulia sokoni mbele za watu."

Kwenye benchi la kliniki walikaa kina mama wa miaka hamsini na tano, sitini, sitini na mbili, wote na matumbo ya pembe nne. Nyuma yao walisimama wadada wao wa kazi, wamewabebea mikoba, miguu imewavimba.

Takwimu zikapanda mpaka wizarani. Ikaonekana wazi kwamba katika nchi hiyo wanawake wa miaka sitini wanazaa kuliko wa miaka ishirini. Waziri hakushangaa. Aliitisha waandishi wa habari akasema, "Haya ndiyo matunda ya paa. Mama zetu sasa wana amani, na amani inazaa." Wataalamu wakaja kutoka mbali kuchunguza maji ya visima. Sanamu ya ajuza anayenyonyesha mapacha ikasimamishwa mbele ya wizara, na gharama zake zikaingizwa kwenye fungu la chanjo.

Hidaya alijifungua mtoto wa kike, kwa faili lenye jina la mama mkwe wake. Bi Tausi alilala kitanda cha pili, akipiga kite kila mkunga alipomgusa, na hakuufungua mto mpaka mtoto alipolia. Kwenye cheti wakaandika: mama, Tausi, baba, Ndembo, miaka sitini na minane. Wazee wenzake Mzee Ndembo walimpongeza msikitini bila hata kutabasamu, kwani nusu yao nao walikuwa na watoto wachanga mwaka huo. Shomari aliandikwa chini kabisa, mahali palipoandikwa Ndugu Wengine wa Mtoto.

Wakamwita Zaituni.

*

Sheria ilikuwa na kifungu kimoja ambacho waziri alijivunia kukitunga mwenyewe. Mtoto yeyote aliyezaliwa na mama wa zaidi ya miaka hamsini alipaswa kuhojiwa akifika miaka mitatu, kwa sababu, kama waziri alivyoeleza, mtoto wa miaka mitatu hajui kusema uongo. Uhakiki huo ulimtegemea mtoto. Akisema sivyo, kadi ya nyumba nzima inafutwa.

Basi Bi Tausi akawakalisha watu wake kitako mtoto hajatimiza hata siku arobaini. "Kuanzia leo," alisema, "humu ndani hakuna babu wala bibi. Mimi ni mama. Mzee ni baba. Shomari ni kaka. Hidaya, mwanangu, unisamehe, wewe ni dada. Tusingoje aanze kuelewa. Mtoto hujifunza kwa masikio."

Wote wakatii. Hidaya alimnyonyesha mwanawe akijitaja kuwa dada. Neno la kwanza alilotamka Zaituni lilikuwa "kaka", na alilitamka akimtazama Shomari, mikono ameinyoosha. Shomari alimbeba, akacheka na watu wengine waliokuwa wanacheka. Halafu akaenda nyuma ya bafu, akaegemea ukuta, akakaa huko muda mrefu kuliko haja yoyote inayompeleka mtu huko.

Walijichunga na kila neno, isipokuwa moja. Tangu siku ya kwanza Mzee Ndembo alimwita Zaituni "mke wangu". Bi Tausi naye akawa anamwita "mke mwenza", anamtania kwamba kaja kumnyang'anya mume na meno yenyewe hana. Utani huo wala hawakuusikia masikioni mwao wenyewe. Uko kwenye damu. Babu asipomtania mjukuu wake wa kike kuwa ni mkewe, amtanie nani?

Mtoto akakua. Akaanza kutoka kucheza na wenzake uchochoroni, na huko watoto walikuwa na mchezo walioupa jina la Mkaguzi. Shomari aliuona siku moja akipita na mkoba wake wa spana. Mtoto mmoja alijifunga kamba shingoni iwe tai, akabisha hodi kwenye bati. Wenzake, Zaituni akiwemo, wakasimama wima, wamenyamaza, wamebadilishana mahali. Kisha mmoja akachungulia akasema, "Kaondoka," na wote wakaachia kicheko, kila mmoja akarudi alipokuwa. Shomari hakusimama kutazama zaidi. Kuna jokofu la samaki lilikuwa linamsubiri.

*

Zaituni alipokaribia miaka mitatu, akaanza kuchoka ovyo. Alikimbia hatua tano, akachuchumaa, midomo ikawa ya kibuluu. Daktari alimsikiliza kifua, akampiga picha, akawaambia moyo wake una tundu. Tundu linazibika, alisema, na upasuaji upo, na Kadi ya Paa inaulipia wote. Bila kadi, nyumba ya Mzee Ndembo hata ikiuzwa na vyumba vyake vya mgongoni isingetosha. Akawapangia Jumatatu ya wiki ya tatu. Ila kompyuta ikakataa. Ilikuwa inadai Uhakiki wa Miaka Mitatu.

Kang'ombe alifika Alhamisi. Alikuwa amepanda cheo kuwa Daraja la Kwanza, na tai ilikuwa ileile. Mzee Ndembo alivaa kanzu. Bi Tausi alikaa karibu na mtoto, mkono mgongoni mwake. Hidaya alisimama mlangoni mwa jikoni na sinia la soda. Shomari alikaa kwenye kigoda.

Mkaguzi alichuchumaa mbele ya mtoto, akafungua daftari. "Mtoto mzuri, huyu nani?"

"Baba," Zaituni akasema, akimwonyesha Mzee Ndembo.

"Na huyu?"

"Mama."

"Na huyu wa kwenye kigoda?"

"Kaka Shomari."

"Na yule mwenye sinia?"

Zaituni alimtazama Hidaya. Alimtazama muda kidogo, mpaka soda zikaanza kugongana kwenye sinia. "Dada," akasema.

Kang'ombe akaandika "kweli" mara nne, akafungua kidau cha wino, akautoa muhuri. Nyumba nzima ikashusha pumzi. Na hapo, kwa furaha ya mtu aliyetua mzigo, Mzee Ndembo akanyoosha mikono.

"Haya, mke wangu, njoo ukae na mumeo."

"Mumeo nani?" Bi Tausi akadakia, naye kwa raha. "Mke mwenza huyu nyodo zake zimezidi, soda yangu ndiyo anayoikodolea."

Muhuri ukabaki hewani. Aliyeelewa kwanza alikuwa Shomari, kisha Hidaya, kisha Bi Tausi, ambaye alijiziba mdomo kwa upande wa kanga. Mzee Ndembo ndiye aliyeelewa mwisho, na alipoelewa alizeeka hapohapo kwenye kiti.

"Mzee," Kang'ombe akasema taratibu, "umemwitaje mtoto?"

"Zaituni."

"Umemwita mke wangu. Na mama kamwita mke mwenza."

"Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Uzee huu."

"Mzee wangu, na mimi nina kwetu. Baba akimwita bintiye mke, ukoo mzima unakaa kikao. Anayesema hivyo bila mtu kushtuka ni babu." Alitazama daftari lake kwa huzuni ya kweli. "Ningeweza kusema sikusikia. Lakini mimi huandika huku nasikia, na nimeshaandika. Kilichoandikwa hakifutwi."

Hidaya aliweka sinia chini. "Jumatatu anafanyiwa upasuaji," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mkaguzi kuisikia sauti yake.

"Najua, dada. Na serikali haina roho mbaya. Palipo na shaka, pana Fomu P.9." Akaitoa mkobani. Ilikuwa karatasi moja tu, na pembeni imechorwa kiganja ili mtu asikosee mkono. "Anayeshukiwa anaapa. Anaweka mkono wa kulia juu ya kichwa cha mtoto, anasoma, anatia sahihi. Shaka inaondoka. Ila akija kugeuka baadaye, kadi inafutwa siku hiyohiyo, na mgonjwa anaondolewa kitandani kabla ya chakula cha mchana. Anayeshukiwa hapa ni kaka mtu."

Shomari akainuka. Akamsogelea mtoto. Nywele za Zaituni zilikuwa zimesukwa asubuhi ile na Hidaya, mistari sita, na kichwa kilikuwa cha moto kwa ajili ya joto la mchana. Aliweka mkono.

"Mimi, Shomari wa Ndembo, Mtegemezi Halali," akasoma, "naapa kwamba sijawahi kuzaa. Kwamba mtoto niliyemshika kichwa si wangu..."

"Samahani," Kang'ombe akamkatiza. "Fomu inataka sauti isikike mpaka jikoni."

Hidaya alikuwa jikoni sasa. Hakuna aliyemwona alivyoondoka. Shomari akaanza upya, kwa sauti.

"Kwamba mtoto niliyemshika kichwa si wangu. Kwamba sina haki naye zaidi ya haki ya kaka kwa mdogo wake. Na kwamba nikimwita mwanangu, nitakuwa nimeiibia serikali."

Zaituni hakutikisika. Alisimama wima chini ya mkono ule, amenyamaza.

Muhuri ukagongwa. Kang'ombe akampa mtoto peremende, na kwa kuwa kazi rasmi ilikuwa imekwisha, akatoa simu akawaonyesha picha ya mtoto wa kiume mwenye paji pana la uso na masikio yaliyosimama, paji na masikio ya Kang'ombe mwenyewe. "Mdogo wangu wa mwisho," alisema. "Mama alimpata akiwa na sitini na moja. Mungu mkubwa."

"Mkubwa," Mzee Ndembo akaitikia, na hakuna aliyemtazama mwenzake usoni.

Mkaguzi alipokwisha kwenda, Shomari aliingia jikoni. Hidaya alikuwa anapakua wali. Hawakuwa na mtu wa kuwasikia. Bi Tausi alikuwa amekwenda kulala kichwa kikimuuma, na mzee alikuwa ameketi barazani anajilaumu.

"Chakula tayari, kaka Shomari," Hidaya akasema.

Tangu siku hiyo hakumwita kwa jina lingine. Hakumnunia, hakumgombeza, na nguo zake alimfulia. Shomari angependa agombezwe. Alijaribu kujipa moyo kwamba ameapa ili mtoto apone, na baba yeyote angefanya vilevile, na hilo lilikuwa kweli. Lakini ile sauti aliyoipandisha alipoambiwa aipandishe ilikuwa sauti yake, na ilitoka vizuri, bila kukwama. Hapo ndipo aibu ilipomkaba.

*

Jumatatu ikafika, na tundu likazibwa. Daktari alitoka akasema mtoto ana bahati, ila atakaa kitandani siku kumi, na dawa zake zisikatike hata siku moja.

Shomari na Mzee Ndembo walikaa kwenye benchi la nje. Bi Tausi alikuwa amerudi nyumbani kupika uji. Juu ya mlango wa chumba cha uangalizi palibandikwa tangazo la wizara: Baba na Mama wa Kadi Tu. Ndugu Wasubiri Nje. Watumishi wa Ndani Waingie Kufua na Kulisha. Kwa hiyo Hidaya alikuwa ndani. Alivua viatu mlangoni, akaonyesha kitambulisho chake cha dada wa kazi, akapita. Kati ya wale wawili waliomzaa mtoto, aliyeshushwa zaidi ndiye aliyeruhusiwa.

Saa tisa alasiri muuguzi akachungulia. "Mtoto ameamka. Baba wa kadi ni nani?"

Mzee Ndembo alimtazama mwanawe kwanza. Shomari akaangalia sakafu. Mzee akainuka, akavua viatu, akaingia.

Hakukaa sana. Alirudi kofia ikiwa mkononi, akaketi kwenye benchi, akawa anaizungusha kofia hiyo kama inayotafutiwa upande wa mbele.

"Vipi?" Shomari akauliza.

"Mzima. Macho mazuri." Mzee akaitua kofia gotini. "Kaniita babu."

Nyumbani kwao hakuna mwenyeji aliyekuwa amelitamka neno hilo kwa miaka mitatu.

"Nilidhani ni dawa zinamsemesha," mzee akaendelea. "Kumbe anajua anachosema. Alinivuta kanzu akaniuliza polepole, 'Babu, mkaguzi kaondoka?' Nikamwambia kaondoka, mama. Akasema, 'Basi mwite baba.'"

Shomari hakuelewa mara moja. Kisha ukamjia uchochoro, na watoto wamesimama wima mbele ya bati, na yule aliyechungulia. Zaituni alikuwa anajua siku zote. Alijua wakati anajibu maswali manne, na alijua wakati amesimama chini ya kiganja cha baba yake, ametulia, anasubiri mgeni aondoke ili kila mtu arudi mahali pake. Alikuwa bado anasubiri.

Akasimama. Akafika mlangoni, akavua kiatu kimoja. Mlango ulikuwa wazi nusu. Aliona mguu wa kitanda, na Hidaya akiwa na bakuli mkononi, amegeuka kumtazama. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile alikuwa anamtazama usoni.

Muuguzi aliyekaa kwenye meza akainua kichwa. Mbele yake lilikuwepo faili, na juu ya faili karatasi yenye kiganja kilichochorwa pembeni.

"Samahani, wewe ni nani wake?"

Neno lilikuwepo. Lilikuwa fupi, na mtoto wa miaka mitatu alikuwa ameliweza. Shomari alizifikiria siku kumi za kitandani, akazifikiria dawa zisizotakiwa kukatika, akaitazama ile sahihi yake.

"Kaka yake," akasema.

"Basi subiri nje."

Akavaa kiatu chake, akarudi akakaa kando ya baba yake. Mzee alimsogelea kidogo kwenye benchi. Ndani, sauti ndogo iliuliza kama anakuja, na sauti ya Hidaya ikajibu kwamba mkaguzi bado yupo.

Mwaka huo taarifa ya wizara ilitoka ikiwa na jalada la rangi na picha ya ile sanamu. Ukurasa wa sita imeandikwa kwamba watoto wote wa miaka mitatu waliohojiwa nchini walisema kweli tupu, na wizara inawashukuru wazazi kwa malezi bora.